Rozari ya Mtu Aliye Hai

Nyamongo, Tarime
Kwaresima, juma la tatu

Kwa baba yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeshaitikia "milele, amina" kabla hujakumbuka kwamba umenikasirikia, maana salamu hiyo hujawahi kuiacha bila jibu hata itoke kwa nani. Basi hapo hapo naomba nipenyeze na shikamoo yangu. Mama anaendeleaje na lile goti? Kahawa imebeba vizuri mwaka huu? Na mashimo ya kulimia, zile ngolo za mteremko wa juu, nani anakusaidia kuzichimba? Swali hilo la mwisho naliandika kwa aibu, kwa sababu jibu lake lilipaswa kuwa mimi. Mimi huku ni mzima. Hata neno hilo, mzima, linanipa aibu siku hizi, lakini ndivyo nilivyo.

Nimeandika kwenye karatasi makusudi. Ujumbe wa simu unasomewa na Skola, na wewe unamjua binti yako, akisoma jambo la mistari miwili linatoka limepikwa na kuungwa nazi. Sitaki safari hii asome yeye. Vaa miwani, baba, usome mwenyewe mpaka mwisho, hata kama utanuna njiani.

Maisha ya huku ni yale yale. Tunachimba kwenye duara, ndivyo wanavyoita shimo la dhahabu huku, mimi na wenzangu wa zamu. Ukishuka unaweza kukaa chini mpaka kesho yake, unakula huko huko, unalala kidogo huko huko, na simu mnamwachia Mama Boke, mama wa Kikurya anayetupikia. Jumapili tunakwenda kanisani tumenawa mpaka masikioni, na bado kola inabaki na vumbi jekundu. Rafiki yangu mkubwa ni Chacha, kijana wa hapa Nyakunguru. Kwao walikuwa na shamba zuri la mihogo, sasa limezungukwa na mashimo kila upande, na baba yake ananiuliza kila tukionana: "Wewe una shamba kwenu, umefuata nini huku?" Namjibu kwa kucheka. Dhahabu, baba, ningekuwa nimeipata ungeshasikia. Tunapata ya kula na ya vocha. Wewe ulisema mashimo yako ya ngolo yanazaa kila mwaka na hayajawahi kumla mtu. Ulisema kweli, na mimi nilikuona mshamba.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Hukuniuliza ilikuwaje. Ulimpa mama simu na hukuuliza tena mpaka leo. Wewe uliona ya huko, ya huku hukuyaona, na mimi nataka uyajue kutoka mkononi mwangu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunaongea mimi na wewe tangu nilipoondoka. Uliniambia pale kwenye kichanja cha kahawa kwamba nikitoka nisikupigie simu, na kweli kila nilipopiga hukupokea. Lakini siku ya mechi ya watani, Skola alikuwa anaandika kwenye kundi letu la familia: "Baba anasema hivi, mwambieni huyo wa kijani leo tunamla mapema." Weee! Nilikuwa naisoma nikiwa na sahani ya ugali mapajani, nasahau kula. Najibu: "Mwambie baba, wekundu wake waje na machela." Skola anakusomea, unatoa jibu, anaandika. Mara unamwambia kipa wetu anadaka kama anafukuza kuku. Mara nakuambia kocha wenu umri wake ni sawa na wa kigango. Dakika tisini zikiisha tunanyamaza tena mpaka mechi nyingine. Watu wa familia walidhani ni utani wa mpira tu. Mimi nilijua ndiyo mazungumzo yetu yote, hatukuwa na mengine. Nilikuwa naomba ligi isiishe.

Huku Nyamongo nako kuna kundi la mashabiki kwenye simu, na huko mdomo wangu haupumziki. Mashabiki wa huku wana mchezo wao. Timu ikifungwa, wale walioshinda wanamchagua shabiki mmoja wa upande wa pili, yule mwenye domo kuliko wote, wanamtengenezea tangazo la msiba. Wanaweka picha yake, msalaba, mshumaa, na maneno ya huzuni kabisa. Chini, kwa herufi ndogo, ndipo wanapoweka utani wenyewe, kwamba kilichomuua ni mabao, mazishi yatafanyika kwenye kibanda cha kuonyesha mpira, waombolezaji waje na soda. Mwenye domo kwa upande wa kijani ni mimi. Hilo najua halikushangazi.

Mechi ya mwanzo wa Kwaresima mlitufunga tatu. Chacha, ambaye ni mwekundu mwenzako, akatafuta picha yangu niliyopigwa natoka duarani, kofia ngumu kichwani na tope mpaka kwenye kope. Akaweka msalaba. Akaandika kwamba ndugu yetu mpendwa Otmari ametutoka ghafla hapa Nyamongo, pengo lake halitazibika. Kibanda kizima kilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, nikagaragara kwenye benchi. Na sikuishia kucheka. Nikaichukua ile picha nikaiweka kwenye status yangu, watu wa nyumbani waone jinsi nilivyo maarufu huku. Chacha hakunilazimisha. Mkono ulioiweka ni huu huu unaokuandikia.

Mama Boke peke yake hakucheka. Aliniambia, "Unataniana na kifo, na kesho unashuka kwenye shimo lake?" Nikamwambia, mama, wewe mpira huujui. Asubuhi nikamwachia simu nikashuka na wenzangu.

Sasa huyu Konradi, mtoto wa baba mdogo, yuko Songea na mambo ya mpira hayajui kabisa. Aliiona ile picha asubuhi hiyo. Wiki ile redio ilikuwa imesema kuna shimo limetitia huku kwetu na watu wamebaki chini. Akaona kofia, akaona tope, akaona msalaba na jina langu. Herufi za chini hakuzisoma. Nani anasoma chini ya msalaba? Akanipigia, nikawa sipokei. Akalia, akaituma kwenye kundi la jumuiya yenu. Simlaumu hata kidogo, alifanya kama ndugu anavyopaswa kufanya. Wewe ndiye unayejua yaliyofuata. Wamama wa jumuiya walikuja na kuni, wanaume wakatoa viti nje, na mzee mwenyekiti akataka kuongoza rozari akupumzishe, ukakataa. Skola aliniambia ulisema: "Nimewazikia watu watoto wao tangu nilipopewa ukatekista. Wa kwangu nitamsalia mwenyewe."

Mimi nilipanda juu kesho yake mchana. Mama Boke akanipa simu akasema imelia mpaka imejizima yenyewe, na yeye simu ya mtu hapokei. Nikaichomeka kwenye umeme wa fundi wa jirani, ikawaka, ujumbe ukaanza kumiminika. Sikusoma hata mmoja. Niliona Skola ametuma sauti ndefu kwenye kundi la familia, nikadhani ni zile sala za jumuiya anazowarekodia shangazi walioko Dar. Nikaibonyeza huku navua buti.

Baba, ilikuwa sauti yako. Muda wote ule sikuwa nimeisikia sauti yako, na haki ya Mungu sikuijua mara moja, ilikuwa imezeeka. Nikasikia unasali raha ya milele umpe ee Bwana, nikajiuliza kwetu amekufa nani. Nikamfikiria mama. Nikakaa chini na buti moja. Halafu ukamaliza sala, ukaanza kusema na watu. Nitayaandika ulivyoyasema, maana nimeyasikiliza mpaka nayajua kwa moyo.

Ulisema: "Huyu mwanangu alinipigia siku ya Noeli, na baadhi yenu mlikuwa mmekaa hapa hapa. Simu iliita mkononi mwangu. Niliiangalia mpaka ikanyamaza, nikawaambia ni namba siijui. Nilidanganya siku ya Noeli. Siku anaondoka alipiga magoti nimwekee alama ya msalaba, mimi nikageuka nikaendelea kugeuza kahawa. Mama yake ndiye aliyemwekea. Nilitaka arudi akiwa ameshindwa, aje kuniomba. Otmari, nisamehe. Nisamehe, mwanangu. Unanisikia? Nisamehe."

Halafu wamama wakaanzisha wimbo, na sauti ikakatika.

Chacha alikuwa amekaa kwenye jiwe karibu yangu anapasua muwa. Akaacha. Akaniuliza, "Mura, nani huyo anakulilia hivyo?" Nikamwambia ni baba yangu. Akasema, "Yule ambaye huwa haongei na wewe?" Nikamwambia ndiyo. Akaionyesha simu kwa kidole, akasema, "Mbona anaongea." Hapo ndipo nilipoelewa kwamba marehemu ni mimi. Nililia, baba, mtu mzima na ndevu zangu, mpaka Mama Boke akaacha sufuria akaja kuona. Chacha naye alilia, akawa anafuta ile picha kwenye simu yake kama vile ukiifuta huku itafutika na huko.

Nikapiga simu ya mama. Nilisema "mama" tu, nikasikia ukelele na simu kuanguka. Watu wakapiga vigelegele, mwingine anasema ni mzimu, mwingine anaimba Aleluya na Kwaresima ilikuwa imeshaanza. Halafu kukawa kimya, nikajua simu umeichukua wewe. Nilikuwa nakusikia unavyohema.

Ukasema, "Ni wewe kweli?"

Nikasema, "Ni mimi, baba. Sijafa."

"Ile picha ilikuwa nini?"

Nilitamani kukuambia chochote kingine. Nikasema, "Ni utani wa mpira, baba."

Hukunitukana. Ningependa ungenitukana. Ulihema mara moja, ukampa mama simu, na tangu hapo sijasikia sauti yako.

Najuta, baba. Nimetafuta neno lingine zito zaidi nimelikosa. Usidhani najuta kwa sababu mlipata usumbufu wa viti na kuni. Najuta kwa sababu najua nilichokuchukulia. Skola amenieleza, nilimbana mpaka akasema. Anasema vijana wa pale senta wanakuita katekista wa wazima. Anasema jumuiya ikija kwako unawaambia koo linauma, aongoze mwingine. Wewe! Mtu uliyeongoza sala kwenye mvua, na kwenye homa, na siku ile paa la kigango liliezuliwa na upepo ukaendelea na litania kana kwamba hujaona. Umewaonyesha watu machozi yako na siri yako ya Noeli kwa ajili ya mtu ambaye saa hiyo alikuwa shimoni anakula kiporo, mzima kabisa. Wao sasa wanacheka. Mtu aliyestahili kuchekwa yuko huku, hawamfikii.

Juma lililopita watani walikutana tena, safari hii kwenye kombe. Najua ulijua. Tangu asubuhi nilikuwa nimeshika simu. Kila ikilia natupa koleo. Shangazi akatuma picha ya Mtakatifu Yosefu, Konradi akatuma pole kwa mara ya mia, Skola akaandika "kazi njema kaka." Hakuna "baba anasema." Nikamwandikia Skola pembeni, nikamuuliza, baba hajasema chochote kuhusu mechi? Akajibu umesema mpira huutaki tena ndani ya nyumba yako, na ile redio umempa jirani. Tulishinda mbili bila. Kibanda kililipuka, watu wakanibeba mabegani, wakaniambia mfufuka, toa hotuba. Nikawaomba wanishushe. Nilikwenda nikakaa nje kwenye viroba vya mawe, na mara ya kwanza tangu nianze kushabikia, ushindi ulikuwa hauna hata ladha.

Jumamosi nikaenda kuungama. Padri wa huku ni kijana, nadhani naye ana timu yake. Nilipomweleza alicheka kidogo puani, akajizuia. Nilipofika kwenye ile sauti yako hakucheka tena. Nikamwambia nipe kitubio kikubwa, hata rozari nzima kila siku mpaka Pasaka. Akasema, "Rozari umeshasaliwa ya kutosha. Nenda ukamrudishie baba yako heshima yake mbele ya watu wale wale."

Basi baba, nakuja. Zamu yangu nimeshaikabidhi kwa ndugu yake Chacha, na Mama Boke ameshanifungia karanga za njiani. Kama mabasi hayataniangusha, Jumapili ya Matawi nitakuwa kigangoni. Sitapita nyumbani kwanza. Nitaingia kanisani na watu wote, na wakati wa matangazo nitamwomba mwenyekiti nafasi. Nitawaambia kwamba Katekista hakuwadanganya. Aliambiwa mwanawe amekufa, akafanya ambacho baba Mkristo anafanya, na aliyefanya mzaha na kifo ni mimi, nitazameni vizuri. Anayetaka kucheka anicheke mimi, nitakuwa nimesimama pale mbele, na sitakuwa na haraka. Siji na dhahabu. Mwenye kuuliza nitamwambia hivyo pia. Ulikuwa umetaka nirudi nimeshindwa, na kweli narudi nimeshindwa, lakini usiniache nije kukuomba peke yangu kana kwamba kosa lote la miaka hii ni langu.

Nilimwambia Skola aifute ile sauti kwenye kundi, akaifuta. Ya kwangu sikuifuta. Nisamehe kwa hilo pia. Naisikiliza, lakini si kwa kukuaibisha.

Nisalimie mama yangu aliyenizaa mara mbili, mwambie goti alipumzishe, maji nitachota mimi. Nisalimie dada yangu Skola, mwandishi wetu, mwambie barua hii hata akiiona asiiongezee kitu. Nisalimie baba mdogo na mtoto wake Konradi, mwambieni aache kuniomba msamaha, ananimalizia bando. Nisalimie mwenyekiti wa kigango na wamama wote wa jumuiya waliobeba kuni, mmoja mmoja, kuni zao nitazirudisha kwa mgongo wangu. Chacha anakusalimu. Anasema yeye ndiye aliyeandika, kwa hiyo ukitaka kumchapa atakuja siku nyingine.

Baba, nimebakiza moja. Siku ile, mbele ya jumuiya nzima, uliniuliza kitu. Uliniuliza kama nakusikia, ukaniomba nikusamehe, na hakuna aliyekujibu, kwa sababu wote mlijua anayeulizwa hayupo. Hata nilipopiga simu hukuuliza tena, na mimi mjinga sikukujibu.

Nilikusikia, baba. Nimekusamehe.

Mimi mwanao, niliye hai,
Otmari